Askari wa Akiba Naye Ana Watoto

Katika Kadutu hakuna nyumba isiyojua maana ya neno askari. Wengine wetu ni wana wa askari, wengine ni wajukuu wao, na wengine walipata kuwakimbia askari usiku na godoro kichwani. Basi, tukisema juu ya mshahara wa askari, hatusemi juu ya watu wa mbali. Twasema juu ya kijana aliyebatizwa pamoja nasi, aliyecheza mpira nasi, aliyebeba magunia katika soko letu. Leo twataka kumfikiri askari wa namna moja ambaye watu humsahau upesi, yaani askari wa akiba.

Askari wa akiba ni nani? Ni raia mwenye kazi yake. Huenda ni mwalimu, au fundi wa viatu, au mkulima. Siku za amani hukaa kwake. Nchi ikiwa katika hatari huitwa, hupewa silaha, huenda vitani. Hatari ikipita hurudi kwake, akiwa bado na uzima. Askari wa kazi ana kambi na cheo na orodha ya mshahara. Askari wa akiba ana nini? Hilo ndilo swali letu.

Katika nchi yetu jambo hili si la zamani sana. Mwezi wa Novemba 2022, kwa sababu ya vita ya Kivu ya Kaskazini, Rais Tshisekedi aliwaita vijana wajiandikishe jeshini na wafanye vikundi vya ulinzi. Vijana wengi wa Kivu waliitika. Kisha, tarehe 15 Mei 2023, ikatoka sheria ya kuanzisha jeshi la akiba la ulinzi, liitwalo kwa Kifaransa Réserve armée de la défense. Katiba yenyewe ya mwaka 2006, katika kifungu cha 63, yasema kwamba kuilinda nchi ni haki na tena ni wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Sisi hatubishani na wito huo. Lakini mtu akiitwa na nchi, nani atanunua unga nyumbani kwake?

Tulizungumza siku moja na mama mmoja muuza makala, baada ya Misa ya pili. Mwanawe alikuwa amekwenda, akamwachia mke na watoto watatu. Mama hakulia wala hakulaumu. Alisema hivi tu: « Jina la mwanangu waliliandika katika daftari. Jina la mkewe na majina ya watoto, hakuna aliyeyauliza. » Tukanyamaza, maana hatukuwa na la kujibu. Baadaye tulipofikiri maneno yake, tuliona kwamba mama huyu asiyesoma vitabu vya sheria alikuwa amegusa shina la jambo. Sheria imwandikayo mtu peke yake, bila nyumba yake, ni sheria iliyoandikwa nusu.

Je, babu zetu walitendewaje? Mjini mwetu ipo kambi iitwayo Saio. Vijana wengi hupita pale, hawajui jina hilo limetoka wapi. Saio ni mji wa Abisinia. Mwaka 1941 askari wa Kongo, waliokuwa wakiitwa Force Publique, walivuka Sudani mpaka huko, wakapigana na Waitalia, na mwezi wa Julai majemadari wa Kiitalia wakajitoa mikononi mwao. Pamoja na askari walikwenda wapagazi, na wengi wao hawakurudi. Jina la ushindi lilibaki ukutani mwa kambi. Lakini askari mweusi wa jeshi lile hakuweza kuwa ofisa, hata angekuwa hodari namna gani. Mwezi wa Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimvika nishani kaporali Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, aliyekuwa amepigana katika vita ile ya dunia. Tulifurahi kwa ajili yake. Lakini tulihesabu pia miaka: toka mwisho wa vita, mwaka 1945, mpaka siku ile, ilikuwa imepita miaka 77. Nishani ni heshima, lakini haiwezi kupikwa chunguni.

Na askari asipotendewa haki, taifa zima hulipa. Tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu baada ya uhuru, askari wa Force Publique waliasi. Walikuwa wamengoja vyeo na mshahara bora. Jemadari wao Janssens akawaandikia ubaoni kwamba baada ya uhuru mambo yatakuwa sawasawa na kabla ya uhuru. Twajua sote yaliyofuata. Mwezi wa Januari 1964 askari wa Tanganyika nao waliasi, wakidai mshahara na maofisa Waafrika, na moto huo ukafika Uganda na Kenya. Na kwetu tena, Septemba 1991, askari wa Kinshasa walitoka kupora kwa sababu ya mshahara; na Januari 1993 walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni tano ambayo wachuuzi waliikataa, wakatoka kupora tena. Kila mara walioumia zaidi ni watu wadogo, ambao hawakuwa wamemnyima mtu yeyote mshahara.

Wakristu twakumbuka jambo moja katika Injili ya Luka. Askari walimwendea Yohane Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Yohane hakuwaambia watupe silaha. Aliwaambia wasimwonee mtu wala kumnyang'anya kitu, tena waridhike na mshahara wao. Mara nyingi twahubiri sehemu ya kwanza ya jibu hilo, na ni haki kuihubiri, maana tumeviona vizuizi vya barabarani ambako mama mwenye kapu la mihogo hawezi kupita bila kutoa kitu. Lakini tusiisahau sehemu ya pili. Ili mtu aridhike na mshahara wake, lazima awe na mshahara. Anayempa kijana bunduki bila posho amemtia katika jaribu kubwa, na sehemu ya dhambi hiyo i juu yake.

Labda mtu atasema: « Mzalendo wa kweli haombi fedha. » Maneno haya husemwa sana na watu walioshiba. Mbona daktari humponya mgonjwa kwa upendo, naye hulipwa? Mbona mwalimu hufundisha kwa wito, naye ana watoto wa kulisha? Upendo wa nchi ni wa yule kijana. Njaa ni ya watoto wake. Si haki kumlipa baba kwa sifa, na watoto kwa njaa.

Mwingine atasema: « Nchi ni maskini. » Twajua. Lakini twajua pia kwamba umaskini si sababu pekee. Zamani fedha ya askari ilitoka Kinshasa ikapita mikononi mwa wakubwa wa jeshi, na kila mkono ukajikatia sehemu yake. Katika orodha yalikuwamo majina ya watu wasiokuwapo. Mwaka 2005 Jumuiya ya Ulaya ilituma ujumbe wake uitwao EUSEC, uliokaa mpaka mwaka 2016. Kazi yake moja kubwa ilikuwa kusaidia kuwahesabu askari, kuwapa vitambulisho, na kutenga njia ya fedha na njia ya amri, ili yule atoaye amri asiwe ndiye agawaye mshahara. Hesabu ya jeshi ikapungua sana, kwa kuwa majina ya uongo yaliondolewa. Tazameni basi: kabla ya kutafuta fedha mpya, yafaa kuziba tundu la gunia.

Kwa askari wa kazi, ipo sheria ya tarehe 15 Januari 2013 inayoeleza haki zake na wajibu wake. Tena mwezi wa Machi 2025, baada ya vita kuingia Goma na kisha Bukavu yetu mnamo Januari na Februari, Rais alitangaza kwamba mshahara wa askari na wa polisi utaongezwa mara mbili. Siku zile watu waliulizana katika Kadutu: « Na wale wa akiba? » Hatuandiki hapa kuwahukumu wenye kupigana, wala kusema nani atashinda. Twauliza juu ya deni. Ahadi ni deni, na mwenye kumwita mtu afe kwa ajili yake amefanya ahadi kubwa kuliko zote.

Ni mambo gani basi yafaa kuandikwa waziwazi katika sheria na kufuatwa? Sisi twaona matano. La kwanza, askari wa akiba aliyeitwa alipwe, siku zote za utumishi wake, sawa na askari wa kazi wa cheo chake, na fedha hiyo itajwe katika bajeti ya kila mwaka. La pili, akijeruhiwa, atibiwe mpaka mwisho, hata kama vita imekwisha. La tatu, akifa, mjane na yatima wapewe malipo yao bila kuzungushwa toka ofisi hata ofisi. La nne, akirudi, akute kazi yake. Asiwe mwalimu aliyekwenda kulinda shule akarudi na kukuta amefukuzwa. La tano, majina ya wote yaandikwe katika orodha moja ya kweli, pamoja na majina ya walio nyumbani mwao.

Jambo hili la tano lina faida nyingine. Katiba, katika kifungu cha 190, yakataza mtu yeyote kufanya jeshi lake mwenyewe. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 yakataza kumwingiza mtoto katika majeshi. Bila orodha, kila mwenye bunduki aweza kujiita mlinzi wa nchi, na mtoto wa miaka 14 aweza kufichwa kati yao. Aliye katika orodha hulipwa, lakini pia huulizwa juu ya matendo yake. Akimpiga mama barabarani, jina lake lajulikana. Kwa hiyo tunapodai mshahara wake, twadai pia nidhamu yake. Mambo haya mawili ni kama miguu miwili ya mtu mmoja.

Labda mtasema: sisi watu wa Kadutu twaweza nini, na Bunge liko Kinshasa? Twaweza kuandika. Katiba, katika kifungu cha 27, yampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa wakubwa wa serikali, peke yake au pamoja na wengine. Mkubwa huyo lazima ajibu katika miezi mitatu, wala mtu hawezi kushtakiwa kwa sababu ya kuandika ombi hilo. Tena kifungu cha 130 chasema kwamba kila mbunge na kila seneta aweza kuleta shauri la sheria mpya. Basi mbunge aliyekuja kutafuta kura zetu hawezi kusema kwamba hana uwezo.

Wala tusidhani kwamba kazi hiyo ni ya wakubwa wa jeshi tu. Huko Marekani maofisa wa jeshi la akiba liitwalo National Guard walifanya chama chao mwaka 1878, ili wasikilizwe na Bunge. Askari wa vyeo vya chini walikaa karibu miaka mia moja kabla ya kupata chama chao wenyewe. Waliona kwamba ofisa, hata akiwa mwema, hajui sana taabu ya nyumba ya kaporali. Na mwaka 1994 Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria inayomlazimu mwenye kiwanda au duka kumrudishia kazi yake mtu aliyeitwa jeshini. Sheria ile haikushuka kama mvua. Watu waliiomba, wakahesabu mbele ya wabunge taabu zao moja moja.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Katika jumuiya zetu ndogo tuna walimu wajuao kuandika vizuri, tuna wanasheria, tuna kina mama wajuao bei ya unga kuliko waziri wa fedha. Wakae pamoja. Waandike: nyumba hii, baba ameitwa mwezi fulani, watoto ni wangapi, amepokea kiasi gani, au hakupokea kitu. Wasitie chumvi, maana neno moja la uongo huharibu kumi ya kweli. Majina wayatunze kwa busara, asije mtu akapata hatari kwa ajili yake. Karatasi kumi za namna hiyo, zikiwekwa juu ya meza ya mbunge, zina nguvu kuliko kelele ya mwaka mzima.

Na wakati tunapongoja jibu, tusiwaache wale walio karibu nasi. Mjane wa askari wa akiba akija kuomba ada ya shule, asisikie kwamba mumewe alikwenda kwa hiari yake. Alikwenda kwa sababu aliitwa. Tumsaidie kwa tulicho nacho, kisha tuchukue kalamu tuandike pamoja naye, na safari hii majina ya watoto yaulizwe kwanza.