Mfangano: Kisiwa cha Michoro na Ulimi Unaofifia



Wasomaji wetu watukufu, sisi watu wa pwani tukisikia kisiwa hukumbuka Lamu na Pate. Safari hii tuliyapa mawimbi ya chumvi kisogo, tukaelekea Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Homa Bay. Mjini Mbita tulipanda boti pamoja na abiria wenye magunia ya unga, tukasoma dua ya chombo, tukavuka hadi Sena, kisiwani Mfangano. Maji ya huko ni matamu, lakini mawimbi yake hayana mzaha.

Ufukoni kina mama huanika omena, ndio dagaa wetu. Usiku wavuvi huwavuta samaki hao kwa taa, ukadhani mji umeelea ziwani. Kisiwa chenyewe ni mlima. Kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga ipo michoro ya kale, duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, inayonasibishwa na Watwa, wawindaji waliotangulia. Wenyeji wana makumbusho yao, ya Abasuba, yanayohifadhi urithi huo.

Lililotugusa zaidi ni lugha. Abasuba ni Wabantu, na lugha yao ni Olusuba. Lakini sokoni na bandarini kinachosikika zaidi ni Kijaluo. Husimuliwa kwamba waume wa Kisuba walioa wake wa Kijaluo, na watoto wakafuata ulimi wa mama. Lugha haikuhitaji kupigwa vita ili ififie. Ilitosha kutosemwa jikoni. Leo wapo wanaojitahidi kuirejesha, hata kwa redio ya kisiwani.

Tofauti za ndimi ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Basi tujiulize: watoto wetu wangali wanakisema Kiamu, Kimvita na Kitikuu, au wanakielewa tu wakimsikia nyanya yao? Kina mama, amana hii imo mikononi mwenu kuliko mikononi mwa mwalimu yeyote. Nasi kina baba tusiwaachie peke yenu.

Anayeazimia kwenda, afike Mbita mapema, avae jaketi la kuokolea, na asiiguse michoro kwa mkono. Na awapeleke watoto, wakajifunze kwamba urithi wa watu hupotea wenyewe wangali hai.

Wabillahi tawfiq.