Maji ya Kariokor na Jirani Zake Wawili

Kariokor ni mtaa wa zamani upande wa mashariki ya mji wa Nairobi. Jina lake limetokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi waliobeba mizigo ya askari wa Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Mgeni afikaye sokoni kununua vyondo huona watu wakifungua mifereji, wakiosha vyombo na kumwaga maji. Ni wachache wajiulizao maji hayo yatoka wapi, nayo yaenda wapi.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi yatoka mbali, katika miteremko ya milima ya Nyandarua. Huko liko bwawa la Sasumua, lililomalizika 1956, na bwawa la Ndakaini katika Murang'a, lililomalizika 1994, ambalo laweza kuweka mita za ujazo milioni 70. Kama yangeachwa yafuate njia yake, maji hayo yangeingia Mto Tana. Lakini mabomba huyaleta mjini, na yakiisha kutumika hayarudi Tana. Mengine hupelekwa Ruai kusafishwa; yamwagwayo mitaroni huingia Mto Nairobi, upitao karibu na Kariokor. Mto huo huungana na Athi, nao Athi hupita Ukambani, huitwa Galana na kisha Sabaki, hata ukaingia baharini kaskazini ya Malindi.

Kwa hiyo mtu wa Kariokor ana jirani wawili asiopata kuwaona. Wa kwanza ni mkulima wa Murang'a, ambaye akikata miti na kuacha matuta yabomoke, udongo wa shamba lake hujaza bwawa. Wa pili ni mkulima wa Ukambani anyweshaye mboga na ng'ombe kwa maji ya Athi, ambaye hupokea kila uchafu uliotupwa mjini.

Sheria ya Maji ya 2016 yalitambua jambo hili. Yasema kwamba Serikali yashika maji kwa amana ya wananchi, na kwamba yasimamiwe kwa mabonde ya mito. Wakulima wa kijito kimoja waweza kuunda chama cha watumiaji wa maji, wapatane nani achukue maji, na lini, wakati wa kiangazi, pasiwe na ugomvi.

Sheria ikichelewa, hasara ni ya maskini. Katika masika ya 2024 mito ya Nairobi ilifurika na watu wakafa. Ndipo Serikali ilipoamuru waliokaa ndani ya mita 30 za ukingo wahame, na wengi wakavunjiwa nyumba wasiwe na pa kwenda. Lingalikuwa jambo jema zaidi kama wangalizuiwa kabla ya kujenga, wakapewa mahali pengine.

Mwenye kuishi mjini na aifunge mifereji yake vizuri, wala asitupe taka mtoni. Maji anayotumia ameyapokea kwa jirani mmoja, naye atampa jirani wa pili.