"Hairuhusiwi" na "sijui"

Nilikuwa Igalula, mashariki ya Tabora, kwenye Reli ya Kati. Nilifuata stori ya wafuga nyuki, nikarudi na mbili.

Nina kiprogramu cha kupanga mahojiano yangu, nakiendesha ndani ya kontena la Docker. Kabla ya safari nilikihamishia kwenye Linux mpya bila kukijaribu. Kufika Igalula, hakiwaki!

Kumbe programu haiongei na keneli moja kwa moja, inapitia maktaba iitwayo glibc. Toleo 2.34, la Agosti 2021, likitaka kuanzisha uzi mpya wa kazi hutumia kwanza wito mpya, clone3, ulioingia Linux 5.3 mwaka 2019. Ikijibiwa "sijui hicho", glibc inarudia wito wa zamani, maisha yanaendelea. Lakini mlinzi wa Docker yangu kuukuu hakuwa na clone3 kwenye orodha yake, na kila asichokijua alijibu "hairuhusiwi". Ikiambiwa hivyo, glibc inakata tamaa. Docker 20.10.10, ya Oktoba 2021, ilirekebisha jibu tu: kontena la kawaida likiomba clone3, mlinzi aseme "sijui".

Basi bwana, siku hiyohiyo niliingia ofisi moja kuomba takwimu za asali. Karani, kijana rika langu, akajibu: "Hairuhusiwi." Nikafunga daftari, nikamtumia mhariri stori yenye sentensi kwamba takwimu zinafichwa.

Jioni nikamsimulia mzee mmoja mrina asali. Akacheka. "Mjukuu wangu, yule ana wiki mbili tu pale. Hajui hata kabati lilipo."

Nilitoka mbio kutafuta mtandao. Mhariri aliifuta ile sentensi gazeti likiwa karibu kwenda mtamboni. Ingetoka, kijana wa watu angeitwa mficha siri kwa kalamu yangu.

Kesho yake nikamrudia. "Kaka, ungeniambia tu hujui, ningeuliza kwingine."

Akainamisha kichwa. "Nikisema sijui, si wataniona sifai kazi?"

Sikuwa na jibu. Tukalitafuta faili pamoja, tukalipata chini ya meza.

Laptopu niliitibu kwa kusasisha Docker. Hili la pili, wadau, tunalisasishaje? Ni hayo tu kwa leo.