Tangi Lilikuwa Tupu

Akina mama wenzangu, baridi mimi naijua. Nimezaliwa Njombe, nimefanya kazi ya uuguzi huko kwa miaka mingi, na nimewaogesha watoto wachanga asubuhi za mwezi wa Juni wakati ukungu umefunika kila kitu. Kwa hiyo mwaka 2023, nilipokwenda Marekani kumsaidia mdogo wangu aliyejifungua, sikutegemea kwamba baridi ndiyo ingenitia aibu.

Mdogo wangu na mumewe wanaishi Phoenix, katika jimbo la Arizona. Huko ni jangwani. Mwaka ule joto lilifika nyuzi 43 na zaidi kwa siku 31 mfululizo. Mwishoni mwa Oktoba, hewa ilipokuwa nafuu, shemeji alisema twende tukaone Grand Canyon. Alikuwa amenunua trela la kulala kutoka kwa mzee mmoja wa mji wa Flagstaff. Trela hilo ni nyumba ndogo yenye magurudumu, inayovutwa na gari. Ndani mna vitanda, jiko la gesi, choo, bafu, na hita ya maji ya umeme yenye tangi la galoni 6, yaani lita 23 hivi. Mdogo wangu hakulipenda. Alisema fedha zile zingemfaa mtoto.

Tuliondoka asubuhi: wao wawili, mtoto wa miezi mitano, mama yetu mzazi na mimi. Kwa jumla barabara inapanda sana. Phoenix iko chini, mita 300 na kidogo tu juu ya usawa wa bahari, na kando ya njia yamesimama madungusi marefu kuliko nyumba. Ukikaribia Flagstaff unakuta misitu ya miti jamii ya paina, hata mama akasema, "Mbona tumerudi kwetu?" Ukingo wa kusini wa Grand Canyon uko mita 2,100 hivi. Tulifika jioni, na baridi ilikuwa imekwisha kuingia.

Shemeji aliunganisha mpira wa maji na kuchomeka waya wa umeme kwenye nguzo ya kambi. Wakati yeye bado yuko nje, mimi niliona ukutani swichi ya hita. Nilifungua bomba la maji ya moto, maji yakatoka kwa nguvu. Nikajua tangi limejaa. Nikaiwasha swichi, nikamvua mtoto nguo za safari, nikangoja.

Baada ya saa nzima maji yalikuwa baridi kama ya kisima. Mama, ambaye magoti yake yanamsumbua, alijifunika mablanketi mawili. Mdogo wangu alianza kusema: "Nilikwambia tusinunue kitu kikuukuu. Umetapeliwa." Shemeji hakujibu. Alitoka nje na tochi. Nami nilinyamaza, maana sikuona kosa langu. Tuliteleka maji kwenye sufuria, tukamkanda mtoto kwa kitambaa, tukalala bila kuongea sana.

Asubuhi, jirani yetu wa kambi, bibi mmoja mjane anayesafiri na trela lake peke yake, alimwona shemeji amepiga magoti mbele ya hita. Akaja na kisanduku cha vifaa. Nilimtazama kwa makini, maana alifanya kazi kama muuguzi mzuri anavyompima mgonjwa: kitu kimoja baada ya kingine, bila kukisia.

Kwanza aliuliza kama umeme wa nguzo unafika. Tulimwambia taa zote zinawaka. Akacheka. Taa za trela, alisema, huwaka kwa betri ya volti 12, lakini hita hii inahitaji volti 120 za kutoka kwenye nguzo. Saa ya jiko la umeme ilikuwa inawaka, kwa hiyo umeme ulikuwapo. Pili, alitazama breka ya hita, haikuwa imeanguka. Tatu, alifungua kifuniko cha nje na kubonyeza kitufe kinachojikata joto likizidi. Kilikuwa kimejikata. Lakini hata baada ya kukirudisha, hita haikupasha.

Ndipo akamwambia shemeji achomoe waya kwenye nguzo kabisa. Akaondoa nyaya za koili, akaipima kwa testa. Koili nzima ya wati 1,440 huonyesha omu 10 hivi. Yetu haikuonyesha kitu. Ilikuwa imekatika.

Mwisho alinyanyua kishikio cha vali ya usalama ya tangi, kazi ambayo haifanywi kamwe maji yakiwa ya moto. Halikutoka hata tone. Tangi lilikuwa tupu.

Kumbe Flagstaff maji huganda wakati wa baridi na kupasua tangi. Mzee aliyeuza trela alikuwa amelimwaga, akageuza vali zilizo nyuma ya hita, chini ya ubao wa kitanda, ili maji yalipite tangi kando. Ndiyo maana bomba la moto lilitoa maji, lakini yale yale ya baridi. Koili isiyozamishwa ndani ya maji huungua kwa muda mfupi sana.

Bibi akauliza, "Nani aliiwasha?"

Shemeji akasema, "Huenda ni mimi."

Mdogo wangu akamtazama vile wake tunavyojua kutazama. Nilisikia uso unawaka. Nikasema, "Ni mimi. Niliiwasha jana kabla hujamaliza kazi nje, wala sikuuliza." Shemeji akasema, "Dada, hata mimi sikuzijua vali hizo." Mdogo wangu akanyamaza kidogo, halafu akaenda kumpikia mumewe chai. Hakusema samahani kwa mdomo, lakini aliitia tangawizi, jinsi anavyoipenda.

Shemeji alikwenda Flagstaff, akarudi na koili mpya na mpira wake wa kuzuia maji. Tuliifunga, tukageuza vali, tukajaza tangi mpaka bomba la moto likaacha kutema hewa. Safari hii tulinyanyua kishikio kwanza, tukaona maji, ndipo tukawasha. Baada ya kama saa moja tulikuwa na maji ya moto.

Hapo nilirudi kwenye kazi yangu. Hita nyingi za namna hiyo hupasha hadi karibu nyuzi 60, na maji ya joto hilo huunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache. Tia maji ya baridi kwanza kwenye beseni, ndipo uongeze ya moto, na upime kwa kiwiko.

Jioni tulimpeleka mama ukingoni. Korongo lile lina urefu wa kilometa 446 na kina cha zaidi ya kilometa moja na nusu, na mto Colorado ulioko chini unaonekana kama uzi. Mtoto, aliyekwisha kuoga, alilala kifuani kwa baba yake. Mdogo wangu alimshika mumewe mkono. Akasema trela si baya.

Nimekwisha kurudi Njombe. Siku hizi, kabla sijawasha kitu cha mwenzangu, nauliza.