Kapitene anakula saa ngapi? Swali la mdogo wangu na jibu la Ziwa Albert

Mdogo wangu anaishi Liège, Ubelgiji. Mwezi uliopita alinitumia picha kwa WhatsApp. Ameshika samaki mrefu kama mkono wa mtu mzima, mdomo bapa kama wa bata, meno mengi. Kwa Kifaransa wanamwita brochet. Akaniandikia: "Kaka, huyu nimemtoa mto Meuse saa kumi na mbili asubuhi. Wavuvi wa huku wananiambia wakati wa joto uende alfajiri au jioni. Wakati wa baridi uende mchana, maji yakishapata joto kidogo. Na kwetu ziwani, saa nzuri ni ipi? Mimi nimesahau."

Nilianza kumjibu haraka, halafu nikaacha. Ukweli ni kwamba mimi pia nilikuwa nimesahau. Sisi ni watoto wa Tchomia, lakini mimi nimekaa Bunia miaka mingi nikiandika habari. Ninachojua siku hizi ni saa ambayo samaki anafika sokoni, na bei yake. Saa ambayo anakamatwa niliiacha kule chini.

Basi nilipopata siku mbili za nafasi, nilipanda pikipiki nikashuka.

Wasomaji wa Bunia mnaijua ile njia. Unapita Bogoro, kisha barabara inaanza kuteremka, na hewa inabadilika. Bunia iko juu kwenye mita kama 1.275, ziwa liko kwenye mita kama 620. Ukifika Kasenyi umeshavua koti, na harufu ya makayabu imeshakupokea. Mbele yako kuna maji hadi upande wa pili, Uganda, kilomita kama 30. Siku yenye hewa safi unaiona milima yao. Siku ya ukungu unaona maji tu.

Baba Mdogo nilimkuta chini ya mti akishona wavu. Amezeeka, haendi tena kwenye maji mengi. Nilimsomea ujumbe wa mdogo wangu. Akauliza huyo samaki wa Wazungu anakula nini. Nikamwambia anakula samaki wenzake, anajificha kwenye majani, halafu anaruka ghafla.

"Basi ni mwizi," akasema. "Kila mwizi ana saa yake. Hata hapa wezi wetu hawafanyi kazi saa moja."

Akaanza kunifundisha upya, kama nilivyokuwa mtoto.

Wa kwanza ni yule mwenye meno ya nje, ambaye wenzetu wa Uganda wanamwita ngassia. Ni ndugu mdogo wa mbenga wa mto Kongo. Huyu ndiye anafanana zaidi na samaki wa mdogo wangu: mwembamba, mwenye mbio, na meno yake yanakata kamba ya ndoano. Yeye ni mwizi wa mchana. Anatembea na kundi karibu na uso wa maji, anatumia macho yake na mwanga wa jua. Ukimtaka, toka asubuhi jua likishapanda kidogo, na ufunge ndoano kwa waya, si kwa kamba.

Wa pili ni tilapia. Huyu si mwizi, ni mlaji wa majani na vitu vidogo. Anakula mchana, karibu na ukingo, kwenye maji yasiyo marefu. Ndiyo maana wazee na vijana wadogo wanamvua: hawaendi mbali, na jua linapozama wameshafika nyumbani.

Wa tatu ni wale samaki wadogo kabisa, ambao upande wa Uganda wanawaita muziri. Hao wanafuata taa. Kwa hiyo unawavua usiku, na si kila usiku: mwezi ukiwa mpevu taa yako haina kazi, maana ziwa lote lina mwanga. Unangoja giza la mwezi.

Wa nne ni mwenyewe, kapitene. Hapa Baba Mdogo aliweka wavu chini. "Ulishawahi kumulika kapitene na tochi? Macho yake yanang'aa kama ya paka. Mungu hakumpa macho yale kwa ajili ya saa sita mchana." Kapitene anaanza kutafuta chakula jua linapozama, anaendelea gizani, na anapata nguvu tena kabla ya kupambazuka. Mchana anakaa chini, ametulia. Unaweza kumpata, lakini kwa bahati. Ukitaka kumpata kwa kazi, ni usiku.

"Kwa hiyo mwambie mdogo wako: kapitene, kati ya jioni na alfajiri. Nimemaliza."

Lakini hakuwa amemaliza, na mimi pia nilijua hivyo.

Nilipokuwa na miaka 17 nilikuwa wa nne kwenye mtumbwi wake. Usiku mmoja wa giza la mwezi tulikuwa mbali, nyavu zote ziko majini. Kwa kawaida usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani: ardhi inapoa haraka kuliko maji, hewa ya Milima ya Bluu inateremka na kusukuma mitumbwi kwenda nje bila kutumia nguvu. Mchana unageuka, unatoka ziwani na kukurudisha. Wazee walipanga kazi yao kwa pepo hizo mbili kabla ya mashini kufika. Usiku ule upepo ulikuja kwa nguvu ambayo si ya kawaida, na mvua nyuma yake.

Mtu asiyelijua ziwa hili anadhani hatari yake ni kina. Hapana. Ziwa Albert si refu kwenda chini, hata mahali pake pa mwisho hapafiki mita 60. Lakini maji yasiyo na kina kikubwa yanachafuka upesi, na mawimbi yake ni mafupi, yamesimama, yanafuatana bila kukupa nafasi. Wimbi moja lilijaza mtumbwi hadi magotini. Baba Mdogo akachukua kisu, akakata kamba ya nyavu. Zote. Tulichota maji kwa mikono, kwa sufuria, kwa kofia. Tulifika ukingoni jua limeshatoka, mbali sana na kwetu, na hatukuwa na samaki hata mmoja.

Tulipona wote wanne. Lakini nyavu zile zilikuwa za deni. Mfanyabiashara aliyetukopesha hakuwa mtu mbaya, ila alitaka pesa yake, na ilichukua miaka miwili kuilipa. Mwaka wa kwanza mimi sikwenda shule. Nikisikia mtu anauliza saa nzuri ya kuvua, ninaona kisu kile kinakata kamba.

Jioni ile, tukiwa bado tunaongea, alifika mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ana miaka 23, ana mke na mtoto mmoja. Alinisalimia vizuri, akakaa, akangoja Baba Mdogo aende kulala. Halafu akasema:

"Mjomba, nilikuwa nataka kukuona. Nina neno."

Neno lenyewe lilikuwa dola 120. Anavua mchana na mtumbwi wa watu, anapata tilapia wadogo, wanagawana, anabaki na pesa ya unga na chumvi. Anataka taa mbili za sola na vipande vya wavu wa kapitene. Wenzake watatu wamekubali. Wanataka kuanza kutoka usiku.

Nilimwuliza kwa nini asitege jioni, arudi kulala, na kutegua alfajiri. Mtego ungefanya kazi wenyewe saa zote za kapitene, naye angekuwa kitandani. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu wa mjini.

"Mjomba, wavu ukiuacha peke yake usiku, asubuhi unakuta maji tu. Wanaiba. Ukiwa na wavu lazima ulale nao."

Sikuwa na jibu. Nikamkumbusha mambo mengine. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya hali ya kuzingirwa, na kuna majuma ambapo kutoka usiku kunakatazwa kwa sababu ya usalama. Mpaka na Uganda unapita katikati ya maji, hauna jiwe wala bendera. Gizani mtumbwi unasukumwa na upepo, asubuhi unajikuta upande usio wako, mbele ya askari wenye bunduki. Na watu wenye silaha wasio askari nao wanajua saa ya kapitene. Nikamwambia pia kwamba mimi ndiye ninayeandika habari za waliozama. Ninajua zinavyoanza: "Wavuvi wanne waliotoka usiku..."

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole: "Mwaka 2018 Mama alituvusha kwenda Hoima kwa mtumbwi, tumejaa kama magunia. Ziwa hili nimeshaliogopa, Mjomba. Sasa naogopa mtoto wangu kulala na njaa."

Wengi wenu mnakumbuka mwanzo wa mwaka ule, maelfu ya watu wa Djugu na kandokando ya ziwa walipokimbilia Uganda kwa mitumbwi, na wengine hawakufika. Yeye alifika. Nani mimi nimfundishe habari ya maji?

Usiku ule sikulala vizuri. Nilitoka nje nikatazama ziwani. Kulikuwa na taa, nyingi, zimepangwa mbali kama mji. Nilipokuwa mtoto zilikuwa taa za petroli za kupampu, zenye sauti. Siku hizi ni za sola, kimya kabisa. Kila taa ina watu watatu au wanne chini yake, na kila mmoja alifanya hesabu kama ya mpwa wangu.

Kuna jambo lingine. Kapitene wanaoletwa Bunia siku hizi ni wadogo kuliko wale niliowabeba begani nikiwa kijana. Baba Mdogo anasema sababu ni nyavu zenye matundu madogo, zinazokamata watoto kabla hawajazaa. Samaki akipungua, mvuvi anaongeza saa. Zamani alfajiri na jioni zilitosha. Sasa kijana anaona lazima achukue usiku wote ili apate alichopata babu yake kwa saa tatu.

Asubuhi nilimpa mpwa wangu jibu. Nitatoa dola 120, lakini kwa masharti mawili. Kwanza, wavu uwe wa matundu makubwa, Baba Mdogo aukague kwa vidole vyake. Pili, kabla ya taa anunue jile nne, zile jaketi za kuelea, moja kwa kila mtu. Akakubali mara moja. Upesi wake ungenitia shaka.

Nilirudi Bunia. Baada ya juma moja alinitumia picha: mtumbwi, taa mbili, wavu umekunjwa vizuri. Na jile tatu.

Nikampigia. "Ninyi si wanne?"

"Ni wanne, Mjomba. Lakini wavu ulipanda bei. Halafu mwenye kushika usukani hahitaji sana, yeye anakaa nyuma, ana kitu cha kushika."

"Na mwenye kushika usukani ni nani?"

Akanyamaza kidogo. "Ni mimi."

Nilikasirika, nikasema maneno ambayo sitaandika hapa. Siku ileile nilimtumia dola 15 nyingine kwa simu. Alisema ameshanunua. Picha ya jile ya nne sijaiona.

Mdogo wangu wa Liège bado anangoja jibu, kwa hiyo nimemwandikia hivi: mwenye meno ya nje ni mchana, tilapia ni mchana karibu na ukingo, muziri ni giza la mwezi, kapitene ni kuanzia jua linapozama hadi linapotoka. Nikaongeza kwamba yeye anachagua saa kwa kumfuata samaki, akirudi mikono mitupu anakula kitu kingine. Huku tunamfuata samaki, na upepo, na askari, na mwizi wa nyavu, na mwenye deni, halafu saa inayobaki ndiyo tunaiita saa nzuri.

Alinijibu kwa kutuma dola 30, "za jile". Nimewapelekea jirani zao wa mtumbwi wa pili, ambao hawakuwa nazo kabisa. Ninyi mnaosoma hapa na mna ndugu kule Kasenyi, Tchomia, Joo au Mahagi-Port, mkiombwa pesa ya wavu, ulizeni kwanza kuhusu jile. Hesabuni watu, kisha hesabuni jile.

Mimi sasa ninaamka saa kumi na moja bila kengele. Ninaweka simu karibu na kikombe. Alhamisi moja ilikaa kimya hadi saa tatu, nikawa nimeshavaa viatu vya kushuka, kumbe ni mtandao ulikuwa umekatika.

Leo asubuhi ujumbe umeingia saa kumi na mbili na dakika ishirini: "Tumefika Mjomba. Kapitene wawili na wadogo kidogo." Sikumwuliza kama alikuwa ameivaa.