Msiifute Pumzi ya Casals

Kazi yangu ni kunakili santuri za zamani kwa ajili ya wanafunzi wa fidla, selo na uimbaji hapa Nairobi. Nyingi zinatoka Kileleshwa, Lavington na Loresho, kwenye zile nyumba za mawe zinazobomolewa kupisha maghorofa. Wenye nyumba wamefariki au wamehama, warithi wako ng'ambo, na stoo imebaki na makasha ya Schubert, Brahms na Verdi. Benga na rumba zina wateja wake Kenyatta Market. Hizi hazina wa kuzigombania.

Nazigombania mimi kwa sababu naona wanafunzi wetu wanavyosoma. Jiji hili limekuwa na Konsavatori tangu 1944 na Nairobi Orchestra tangu 1947, ila kijana anaweza kufaulu mitihani yake yote bila kuketi hatua chache kutoka kwa watu wanne wanaopiga Brahms. Nota anazo. Nota hazimwambii upinde unakawia kiasi gani kabla ya kugusa waya, wala mwimbaji wa Verdi anaiba pumzi wapi. Hayo husikika tu, na kwetu mara nyingi husikika kwenye rekodi.

Basi rekodi lazima iwe ya kuaminika. Kwanza, usafi. Santuri za plastiki hustahimili maji safi na spiriti kidogo. Zile nzito za mizunguko 78 ni lakri, na spiriti huyeyusha lakri: ukipangusa mara moja, mifereji inafifia na sauti imekwenda. Hizo nazipa maji yaliyochujwa na tone la sabuni, kitambaa laini, basi. Nazo zinataka sindano nene, kwa kuwa mfereji wake ni mpana.

Pili, mwendo. Vinanda vingi vya santuri vilivyoletwa kutoka Marekani vina mota inayofuata mapigo ya stima, na stima ya kwao hupiga mara 60 kwa sekunde. Yetu hupiga 50. Transfoma hushusha volti tu, mapigo hayaguswi. Mota kama hiyo ikichomekwa hapa, mizunguko 33 na ushei kwa dakika inashuka hadi karibu 28. Kazi ya dakika 50 inachukua saa nzima, na muziki wa ufunguo wa C unasikika katika A. Anayeimba kwaya kwa sol-fa ataelewa: Do imeshuka hadi La. Nimekutana na watu waliosikiliza hivyo miaka na miaka, wakiamini Wajerumani wa zamani walikuwa wazito. Kabla ya kunakili chochote, mimi hupima mzunguko, kisha nalinganisha na uma wa kupimia sauti.

Jambo la tatu ndilo ninalobishania na vijana wa studio kila wiki. Wana programu inayosikiliza kipande cha ukimya, inakariri ule mvumo wa santuri, kisha inaondoa kila kinachofanana nao. Tatizo ni kwamba pumzi ya mtu inafanana na mvumo. Nywele za upinde zinapoanza kukwaruza waya, nazo zinafanana na mvumo. Unapata sauti nyororo isiyo na mwili, na mwanafunzi amenyang'anywa kile hasa alichokuja kukitafuta.

Chukueni kwinteti ya Schubert yenye selo mbili. Aliimaliza 1828, wiki chache kabla ya kufa akiwa na miaka 31; hadharani ilipigwa kwa mara ya kwanza 1850. Mwaka 1952, kule Prades, Pablo Casals aliirekodi na wenzake, Paul Tortelier akishika selo ya pili. Casals anaguna. Anasikika waziwazi, hasa anapojiandaa kuingia, na kwa mpiga selo mguno ule unaonyesha mwili unakusanya nguvu saa ngapi. Kuna aliyeniomba niutoe ili rekodi iwe safi. Nilikataa, na nitaendelea kukataa.

Au Joseph Joachim, ambaye Brahms alimtungia konseto yake ya fidla. Alirekodi 1903, mzee wa miaka 72. Anateleza kutoka nota hadi nota, jambo ambalo walimu wengi leo hulikemea. Adelina Patti, aliyependwa na Verdi mwenyewe, alirekodi 1905 akiwa na miaka 62, naye anateleza hivyo hivyo. Mikwaruzo ni mingi, lakini hao ndio waliokuwapo enzi za Brahms na Verdi.

Mimi huondoa mlipuko wa mchubuko, ule wa ghafla unaoshtua sikio. Mvumo nauacha. Na simpi mwanafunzi rekodi moja ya kazi yoyote, kwa sababu moja ataiiga. Nampa mbili au tatu zisizokubaliana. Juzi msichana mmoja wa soprano, anayesafiri kutoka Kangemi, alirudi na daftari lake akaniambia: "Mwalimu, hawa wawili hawapumui mahali pamoja. Na mimi hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo panaponifaa." Tukakaa kwenye piano tukatafuta pake.