Mkoba wa Mama, Kutoka Kibokoni Hadi Kongowea

Nyumba yetu ya Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, haipati kukauka sawasawa. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu wakati wa masika, kisha huutoa polepole hadi kusi ikolee. Kila kitu cha ngozi kinachowekwa humo huota kuvu: viatu vya Idi, mikanda, majalada ya vitabu vya marehemu babu. Hayo tuliyajua tangu utotoni, na hata hivyo mwezi wa Juni, tulipolifungua kasha na kuutoa mkoba wa mama, tulinyamaza wote watatu.

Mama yetu alikuwa ametangulia mbele ya haki miezi minne kabla. Mirathi yake ilikwisha kugawanywa, dhahabu kwa mizani na leso kwa hesabu. Mkoba huo haukudaiwa na mtu. Ulikuwa mkoba wa kahawia wenye bizimu ya shaba ya manjano, ambao aliununua kwenye mitumba ya Kongowea sisi tukiwa bado wasichana wa shule. Kila Alhamisi baada ya Alasiri alitoka nao kwenda darsani, ndani yake mna msahafu katika mfuko wake wa kitambaa, miwani, na peremende za kuwanyamazisha watoto wa wenzake. Sasa binti wa mkubwa wetu alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu huko bara, aondoke Septemba, naye akauomba. Alisema hataki pesa wala saa. Anataka mkoba wa nyanya. Kwa hiyo tulikuwa na miezi miwili na nusu, na kitu kilichofunikwa na kuvu la kijivu kama vumbi la unga.

Tulianza kwa yale tuliyoyajua. Kuvu hupanguswa nje, si chumbani, kwa sababu mbegu zake huruka na kuhamia kwenye vitu vingine. Tulipanda nao darini asubuhi, upepo ukitoka baharini, tukaupangusa kwa kitambaa kikavu na mswaki kuukuu wenye nywele laini, kisha tukapitisha kitambaa kilichokamuliwa katika siki na maji, nusu kwa nusu. Kabla ya hapo tulijaribu tone moja la maji chini ya kitako, mahali pasipoonekana. Tone likisimama kama lulu, ngozi ina rangi ya kinga juu yake na itavumilia kitambaa chenye majimaji; likizama na kuacha doa jeusi, ngozi iko wazi, na kila tone litakuwa na kumbukumbu. La mama lilizama nusu. Tukaongeza uangalifu.

Darini hatukuuacha. Miaka iliyopita wa pili wetu aliwahi kuanika mkoba wake mzuri kwenye jua la saa sita, akidhani anauua ukungu, na jioni akaukuta umepasuka kama tope la kisima kilichokauka. Ngozi hulainishwa na mafuta yaliyomo baina ya nyuzi zake. Jua na moto huyafukuza mafuta hayo, nyuzi zikashikana, na mkoba ukikunjwa hukatika badala ya kupinda. Kivuli chenye upepo ndicho dawa. Baraza yetu inatosha.

Ilikuwa hapo barazani, tukifuta bitana kwa kitambaa chenye maji, mikono yetu ikiwa imelowa hadi vifundoni, ndipo mdogo wetu alipousogeza mfuko wa ndani karibu na mwanga. Bitana ya mkoba ule haikuwa ya nguo. Ilikuwa ya ngozi nyembamba yenye manyoya laini, ya rangi ya mchanga. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hebu tazameni. Matundu haya yamekaa vitatuvitatu."

Tuwaeleze wasomaji wetu, maana wengi hatukufundishwa. Vinyweleo vya ngozi ya ng'ombe ni vidogo, vimekaribiana na vimesambaa bila mpangilio. Vya nguruwe huonekana wazi, navyo huja vitatuvitatu kwa pembetatu, mfano wa mafiga matatu. Na kwa kuwa nywele za mnyama huyo hupenya unene wote wa ngozi, matundu huonekana hata upande wa nyuma, ule wa manyoya laini unaotumika sana kwa bitana za mikoba na viatu. Ngozi iliyopigwa chapa ya mashine inaweza kumdanganya mtazamaji, lakini bitana haipambwi sana, na hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Hatukutaka kuamini macho yetu tu. Tuliuweka mkoba ndani ya mfuko wa plastiki, tukaenda hadi Marikiti, kwa fundi viatu ambaye aliwashonea baba zetu makubadhi. Aliugeuza ndani nje, akavuta miwani usoni, akapitisha kidole. "Nje ni ng'ombe, wanangu, ngozi nzuri ya siku nyingi," alisema. "Ndani ndiyo hiyo mnayoiogopa. Mie huziona kila juma, ila wateja hawaniulizi."

Kutoka hapo tulikwenda kwa sheikh anayewasomesha kina mama wa mtaa wetu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kudibaghi huitakasa ngozi ya mnyama, hata aliyekufa bila kuchinjwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Hizo hazitakasiki kwa dawa yoyote ya kiwandani. Kikavu kwa kikavu hakiambukizi najisi. Lakini sisi tulikuwa tumelowanisha. Akatuambia tuoshe mikono yetu mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi, na hivyo hivyo kila kilichoguswa na unyevu ule. Tukauliza, na ngozi ya nje? Bitana ikibanduliwa, akajibu, ile ya ng'ombe itaoshwa kama mikono ilivyooshwa. Swali la tatu hatukulitamka, akalijibu mwenyewe. Mama yenu hakujua, alisema. Mwombeeni, na jambo lake liko kwa Mola wake.

Tulirudi nyumbani na matatizo mawili yanayovutana. Sheria ilitaka maji yapite juu ya ngozi mara saba, na ngozi hiyo ilikwisha kutuambia, kwa tone moja, kwamba haipendi maji. Mkubwa wetu alisema tuuzike mkoba na tumnunulie mtoto mwingine. Wa pili alisema tuuache kabatini kama kumbukumbu, asiuguse mtu. Tulibishana usiku ule kuliko tulivyobishana juu ya dhahabu. Mwishowe tukakubaliana kuuosha, na ukiharibika, basi.

Mkono wa mkoba nao ulikuwa umelika, na mfuko wa ndani utahitaji ngozi mpya. Hivyo Jumamosi tukapanda tuktuk kutoka Makadara kwenda Kongowea, kutafuta mkoba mkuukuu wa ng'ombe wa kukatwa vipande. Tulipofika katikati ya daraja la Nyali tulitazama kushoto, ambako mkono wa bahari wa Tudor unaingia ndani na mikoko inaanza kujitokeza mbali. Magome ya miti hiyo yana utomvu mkali unaoigeuza ngozi mbichi kuwa ngozi isiyooza. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalipakiwa melini kutoka Lamu na kutoka delta ya Rufiji kwenda kwenye viwanda vya ng'ambo. Siku hizi ngozi nyingi hudibaghiwa kwa chumvi za kromu, ambazo ni za haraka zaidi. Ila mikoba ya zamani, ile inayozidi kuwa nyeusi kila inaposhikwa, mara nyingi ilinyweshwa maji ya magome. Huenda tukawa tunanunua mitumbani kilichopata kutoka kwetu.

Kongowea ni jina ambalo washairi wa kale walilitumia kwa Mombasa yenyewe. Leo ukilitaja, mtu hufikiria viazi, vitunguu na mitumba. Upande wa nguo, vijana walikuwa wakifungua mtumba wa mikoba. Uliposhuka ule mkanda wa plastiki na kufunuliwa, harufu ilitupiga: ngozi, vumbi, manukato ya wanawake wa nchi nyingine. Wanunuzi wazoefu hurukia kile wanachokiita kamera, yaani vilivyo bora vinavyochaguliwa mwanzo. Sisi tulisubiri wapungue. Kijana mmoja alituita, "Karibuni kina mama, yote ni leather!" Yote hayakuwa. Zaidi ya nusu ilikuwa ngozi bandia, ile ambayo kwa unyevu wa pwani huanza kubanduka magamba baada ya mwaka au miwili, na ikishaanza haina fundi wala dawa. Ukingo uliokatwa ndio unaosema kweli: ngozi halisi ina nyuzi kama ufumwele, bandia ina kitambaa chini ya plastiki.

Tuligeuza mikoba kumi na saba ndani nje. Minne ilikuwa na yale mafiga matatu. Kijana alikasirika kidogo, akidhani tunatafuta kasoro ili tushushe bei. Tulipomweleza, alinyamaza, kisha akaanza kugeuza mwenyewe. Jina lake lilikuwa la Kiislamu. Tulipata mkoba mweusi uliochanika ubavuni, bitana ya nguo, kwa shilingi 300.

Kazi yenyewe ilikuwa ya siku nyingi. Bitana ilibanduliwa ikiwa imeshakauka, uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya wembe, ikafungwa katika karatasi na kuondolewa nyumbani. Udongo tuliuchota chini ya mwarubaini ulioko uani, tukauchekecha hadi ukawa laini ili usikwaruze. Mkubwa alimimina, wa pili alishika, mdogo alihesabu kwa sauti. Kufika mara ya tano ngozi ilikuwa nyeusi tititi, imelegea kama mkate uliotiwa chai, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Hatukuukamua. Tuliukandamiza kwa taulo, tukaujaza karatasi nyeupe ili ushike umbo (ya gazeti ina wino unaohamia kwenye ngozi), tukauweka barazani kivulini, na karatasi tukazibadilisha asubuhi na jioni. Siku ya tisa ulikuwa umekauka, na umekakamaa kama papa mkavu. Ndipo ikaja zamu ya nta. Majirani walitushauri mafuta ya nazi, kwani hapa kwetu hakuna ugonjwa yasioutibu. Lakini mafuta ya kupikia huchacha ndani ya ngozi, huiachia madoa na kulipa kuvu chakula. Tuliyeyusha nta ya nyuki kidogo pamoja na mafuta ya nyonyo, kwa moto wa mbali, ikipoa iwe laini kama siagi. Tulipaka kiasi cha ukucha tu, tukasugua kwa kipande cha fulana kwa mizunguko midogo, tukaacha hadi kesho, tukapinda ngozi taratibu kwa vidole, tukapaka tena. Mara ya nne ilikubali kupinda. Rangi ya kahawia ilirudi, isipokuwa pembe moja ya chini iliyobaki nyeusi na haitarudi.

Bizimu tuliisugua kwa ndimu na chumvi, ngozi iliyo karibu ikiwa imefunikwa, maana asidi ya ndimu huila rangi. Fundi wa Marikiti alishona mkono mpya kwa msharasi na uzi wa nta, akakataa malipo ya mfuko wa ndani, akasema huo ni wa mama yenu. Kwa bitana tulifikiria kununua kitambaa Biashara Street, kisha kila mmoja wetu akaleta leso moja kati ya zile alizopata katika mirathi. Tulikata tatu, kipande kwa kipande. Harufu ya siki iliyosalia tuliiondoa kwa makaa makavu yaliyofungwa kwenye kitambaa, siku tatu ndani ya mkoba uliofungwa, halafu tukaufukiza udi juu ya chetezo, mbali na joto, moshi tu.

Alhamisi moja kabla ya darsa tuliwasimulia kina mama wenzetu. Kwa muda hakukuwa na sauti ila ya zipu. Mikoba iligeuzwa, miwani ikapitishwa kutoka mkono hadi mkono, wawili wakatoka nje na mikoba yao wakairudisha majumbani. Bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, aliukumbatia wake kifuani, akasema ataungalia kesho palipo na mwanga mzuri. Hatukumsukuma.

Binti yetu aliondoka Septemba kwa basi la usiku. Tulimwagiza asiuweke katika mfuko wa plastiki, auning'inize mahali penye hewa, aupake nta mara mbili kwa mwaka. Aliufungua pale kituoni, akazitambua leso, akauliza pembe ile nyeusi imefanya nini. Tulimwambia tutamweleza akirudi likizo. Dereva alikwisha kupiga honi.